Ukoo Nilimtajia Mwenyewe

Leo usiniguse. Mimi Wepukhulu, fundi wa mageti hapa Kitale, nimeuza vitu kuukuu mtandaoni miaka mingi, na mnunuzi habebi kitu mpaka nione salio kwenye simu yangu limepanda. Ujumbe wa malipo hata mwizi anaweza kuuandika. Mimi ndiye huwafundisha wengine hayo!

Juzi nilitangaza mashine yangu ya kuchomelea. Mtu akapiga simu kutoka Bungoma, akanisalimu kwa lugha yetu. "Mulembe! Wewe ni wa ukoo gani?" Nikamtajia. "Ati nini? Mamangu alizaliwa huko! Basi wewe ni khocha wangu!"

Khocha ni mjomba, na kwetu mjomba hamnyimi mpwa kitu. Alipofika na pikipiki, ujumbe wa malipo ukaingia, nami nikaona haya kuangalia salio mbele ya mtoto wa dada. Nikamfungia mashine kwa kamba. Nikamwongezea na miwani ya kazi! Alipoondoka ndipo nikaangalia. Hakuna kitu. Nikampigia, simu imezimwa.

Mjinga mimi! Hakujua ukoo wangu, bana. Nilimtajia mwenyewe, akanirudishia kama wa mamake.

Leo asubuhi, nikiwa bado natukana, akaingia Hillary, mtoto wa dadangu kabisa, kutoka Tongaren, na kuku kwapani.

"Mulembe, khocha."

Nilimwangalia kutoka juu mpaka chini.

"Toa kitambulisho."