Mama Beseni na Mjomba Aliyekosa Choo Siku Kumi na Mbili

Saa tatu asubuhi, Mama Beseni ana mikono ndani ya maji hadi viwikoni. Anamsugua mbwa mwenye kupe, na paka wawili wanasubiri zamu wakilalamika. Mara mlango wa kliniki ya wanyama unasukumwa kwa bega. Anaingia kinyozi amekumbatia sanduku la kioo, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja tu wa kichwa.

"Dada, nisaidie! Mjomba leo siku ya kumi na mbili hajapata choo!"

Mjomba si mtu. Ni mjusi wa kufugwa, wa ile aina yenye ndevu za miiba chini ya kidevu, na urefu wake ni kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ana miaka sita, anaishi kwenye duka la kinyozi, na wateja wakiingia humwamkia yeye kwanza ndipo wakae.

"Nanyoa ndevu za mtaa mzima, za huyu tu ndizo zilizonishinda," kinyozi hupenda kusema. Leo hana utani. Ndevu za Mjomba zimekuwa nyeusi tii, tumbo limejaa, na tangu juzi hajagusa chakula.

Mwandishi wa makala haya alikuja hapa kuandika habari za chanjo ya paka. Chanjo itasubiri.

Mama Beseni, mwoshaji wa kliniki hii, alianza kazi miaka kumi na moja iliyopita kama mfagiaji. Mwoshaji aliyekuwapo alipong'atwa akaacha kazi siku hiyo hiyo, yeye akaulizwa kama anaogopa wanyama.

"Nikasema siogopi. Uongo mtupu! Nilikuwa naogopa hata kuku."

Siku hizi anaosha wanyama hadi ishirini na sita kwa siku, kwa mshahara ambao haujawahi kuiona tarehe ishirini. Mikononi ana makovu kumi na manne na anayajua yote. "Hili la kasuku. Hili la paka wa mwalimu. Na hili la sungura. We acha tu, sungura!"

Daktari, mzee mpole anayevaa miwani kwenye paji la uso, anampiga Mjomba picha ya eksirei. Ndani ya utumbo kuna bonge.

"Miguu ya nyuma bado ina nguvu, bonge halijabana mishipa ya fahamu, hiyo ndiyo bahati yetu," anasema. "Lakini akikaa hivi mpaka kesho tutampoteza. Saa nane mchana nampasua."

"Atapona, Daktari?"

"Mnyama mdogo, tena amedhoofika. Nikikuambia nusu kwa nusu, sijakudanganya."

Kinyozi anajitupa kwenye benchi. Mama Beseni amemgusa Mjomba tumboni kwa nyuma ya vidole, akarudia tena, na sasa amekunja uso.

"Kaka, huyu mbona wa baridi hivi? Taa yake ya joto unaiwasha?"

"Asubuhi mpaka nafunga duka! Tena mpya. Ile ya zamani iliungua wiki tatu zilizopita, nikanunua hii. Inang'aa kweli kweli, na wameniambia haili umeme."

Mama Beseni anaitoa kwenye sanduku na kuichomeka ukutani. Taa inamwaga mwanga mweupe, chumba kizima kinang'aa. Anaweka kiganja chini yake, anahesabu mpaka sitini, kisha anaushika mkono wa kinyozi na kuuweka palepale.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Basi na yeye hasikii kitu! Huyu hana joto lake mwenyewe kama mimi na wewe. Asipoota, chakula hakisagiki, kinakaa tu tumboni. Wiki tatu umempa jua la kwenye picha, kaka yangu!"

Kisha anamgeukia daktari. "Nipe mpaka saa nane."

Daktari anatazama saa. Ni saa nne kasorobo. "Nitamwongezea maji kwa sindano. Mengine ni yako. Lakini saa nane ni saa nane."

Saa nzima ya kwanza, Mama Beseni hamkandi. Anamweka chini ya taa ya kliniki, ile inayochoma kweli, na kinyozi akimhimiza anamjibu bila kugeuka: "Ukimkanda angali wa baridi unamuumiza bure. Keti."

Ndipo beseni linapokuja. Maji anayapima kwa kifundo cha mkono, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, nayo hayapiti mabega ya Mjomba. Mkono wa kushoto unashika kidevu. Vidole viwili vya kulia vinatelemka polepole kutoka kifuani kwenda mkiani, tena na tena, kwa dakika ishirini.

"Haya, Mjomba. Usituaibishe mbele ya gazeti."

Beseni la kwanza, hola. Anamfuta, anamrudisha kwenye joto. Saa sita inapita. Beseni la pili, hola vilevile. Kutoka chumba cha pili vinasikika vyuma vya daktari vikipangwa kwenye sinia. Kinyozi ameshika tama. Mteja wa nusu kichwa angeweza kwenda kumaliziwa duka la jirani, lakini hataki kuondoka.

Beseni la tatu. Saa nane kasoro dakika kumi na tano, mkia unainuka.

"Tulieni!" ananong'ona Mama Beseni. "Asisogee mtu."

Mjomba anatuna, anatetemeka, anafumba macho. Halafu, jamani! Bonge zima hilooo linaelea kwenye maji, na mengine yanafuata!

Kinyozi anapiga kelele kama timu yake imefunga bao. Mteja wa nusu kichwa anamkumbatia daktari aliyetokeza mlangoni na glavu mikononi. Hata mwandishi, ambaye kazi yake ni kutazama na kuandika tu, anapiga makofi na daftari lake limeanguka chini.

Mama Beseni analipasua bonge kwa kijiti. Ndani yake kuna nywele, na kati ya nyeusi zimo nyekundu.

"Mungu wangu!" kinyozi anashika mdomo. "Hizi ndevu za mteja wangu wa Jumamosi! Huwa anazipaka rangi!"

Anakiri kwamba jioni humwachia Mjomba atembee awinde wadudu dukani.

"Kwenye sakafu ya kinyozi!" Mama Beseni anafoka, lakini anacheka mpaka machozi yanamtoka. "Mjomba kala mtaa mzima!"

Picha ya pili ni safi. Daktari anavua glavu.

"Mimi niliuliza picha," anamwambia Mama Beseni. "Taa sikuiuliza." Anafungua droo na kutoa fomu ya chuo cha afya ya wanyama, masomo ya jioni, miaka miwili. Amewahi kumpa mara mbili, akaikataa mara mbili. "Jaza. Sahihi yangu nishaiweka."

Safari hii anaichukua. Nyumbani mumewe, dereva wa lori, hurudi mara moja kwa wiki. Wapo mabinti wawili wadogo, na yupo mama mkwe, ambaye hamruhusu kugusa kikombe mpaka anawe mara tatu. Nani atabaki na watoto jioni? Hajawahi kuthubutu kumwuliza mama mkwe.

Saa kumi na moja jioni, sebuleni kwake, Mama Beseni anasimulia mambo yote huku mto wa kochi ukiwa ndiye Mjomba. Mama mkwe anachambua mchele, amempa mgongo.

"Akhu! Mjusi!" anasema. Kisha anageuza shingo. "Ikawaje?"

Inapofika zamu ya ndevu nyekundu, ungo unamtetemeka mapajani kwa kicheko. Anainyoshea mkono fomu na kuishika mbali na macho.

"Hapa wameandika saa ngapi?"

"Saa kumi na moja hadi saa mbili, mama. Siku nne kwa wiki. Kuanzia mwezi wa tisa. Nataka siku moja niwatibu mwenyewe, mama. Sio kuwaosha tu."

Mama mkwe anamrudishia karatasi.

"Siku hizo nne watoto watakula na mimi na watalala na mimi. Jaza sasa hivi, nikuone."