Moshi Niliounyamazia

Mimi ni mkosaji, na naomba msinitetee. Nimeshatetewa vya kutosha. Nimesifiwa, nimesimamishwa mbele ya kanisa, watu wakanipigia makofi. Makofi yale yananichoma mpaka leo!

Jina langu silitaji. Waliokuwa wakiishi Mabatini, Mwanza, miaka ile ya biashara huria wakinitambua, basi, wanitambue.

Nilikuwa na saluni. Chumba kimoja, kioo kirefu, na draya mbili kutoka Nairobi. Wakati ule ndiyo kila kitu kilikuwa kimeanza kuingia nchini, redio, mitumba, magari yaliyochokea kwa Wajapani, na sisi wanawake wa Mwanza tulikuwa tumeingiwa na wazimu wa kalikiti, ile dawa ya kukunja nywele. Bila kalikiti kichwani ulionekana umetoka shamba. Lakini umeme sasa! Ulikuwa wa mgao. Leo upo, kesho haupo, na mteja ana dawa kichwani.

Mume wangu akanitafutia jenereta dogo. Mtaa wetu hakuna aliyekuwa nalo. Umeme ukikatika, wote wanafunga, mimi navuta kamba, naendelea. Wakaniita Mama Jenereta, nami nikavimba kichwa. Nilipenda jina lile kuliko nilivyolipenda la ubatizo, Mungu anisamehe!

Mwanzoni nilikuwa naliwasha ndani ya stoo, kwa kuogopa wezi. Siku moja kichwa kikaniuma mpaka nikatapika, na kuku wangu aliyekuwa analalia mayai humo stoo tukamkuta amekufa palepale juu ya mayai yake. Mume wangu alifoka kweli.

"Unataka kujiua? Moshi wa injini ya petroli ndani ya chumba ni sumu! Unakulaza kama mlevi, halafu huamki."

Nikalitoa barazani. Somo lile sikulisahau. Ningelisahau, leo ningekuwa na nafuu.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo Yudita, rafiki yangu. Mjane, Mjita wa upande wa Musoma, ana watoto wawili na saluni ndogo kuliko yangu. Kuchanganya dawa nilimfundisha mimi. Umeme ukikatika alikuwa anafunga mlango, anakuja kukaa kwangu, tunakunywa chai, ananisaidia kuosha vichwa. Alikuwa anaimba nyimbo za kwaya akisuka, sauti tamu ajabu. Nilimpenda sana Yudita alipokuwa hana umeme.

Ndipo akaja Fundi Maganga.

Huyu alikuwa fundi wa magari wa Kirumba, mtu mzima, mpole, ana pikapu yake kuukuu ya petroli. Alichukua dainamo kubwa akaifunga mbele ya injini, ikawa inazungushwa na mkanda, inatoa umeme uleule wa nyumbani. Aliitengeneza kwa ajili ya kuchomelea vyuma vijijini. Yudita akaenda kumwomba amkodishie siku za giza. Wakakubaliana.

Jamani, ile siku ya kwanza! Umeme umekatika, mimi navuta kamba ya jenereta, inagoma, navuta tena, jasho linanitoka. Yudita kageuza ufunguo wa gari tu. Taa pwaa! Draya zikaanza kuvuma.

Na tofauti ilikuwa kubwa, nisiseme uongo. Jenereta langu lilikuwa linapiga kelele mpaka mteja anatoboka masikio. Nikimuuliza mtu "Dawa inawasha?" ananijibu "Saa nane!" Lilikuwa linatetemesha kioo ukutani, na umeme wake unapanda unashuka, ukaniunguzia draya moja. Pikapu ile ilinguruma kwa chini tu, na moshi wake ulitokea huko nyuma kwenye ekzosi, ukaishia barabarani bila kuwasumbua wateja. Wanawake walikuwa wanasinzia chini ya draya kwa Yudita huku akiwaimbia. Wateja wangu wakaanza kuvuka barabara mmoja mmoja, wengine wakinipungia mkono kabisa!

Kibaya zaidi, gari lina miguu. Msimu wa pamba ukiisha, kule Magu harusi zinafuatana, na vijiji vingi havina hata nguzo ya umeme. Yudita akapakia draya kwenye pikapu, Fundi akaendesha, wakaenda kupamba maharusi hukohuko kwao. Alirudi na mchele, kuku na sifa. Mimi jenereta langu nikalipakie wapi?

Nilikuwa silali. Nikisikia pikapu inawashwa, nakimbilia dirishani. Nilikuwa nahesabu vichwa vinavyoingia kwake kupitia pazia langu, kama askari wa doria. Wivu ni ugonjwa, na mimi niliulisha ukanenepa.

Kilichonimaliza ni wifi yangu Anastazia, mdogo wa mume wangu. Alikuwa anaolewa Magu. Nilishajiandaa kumpamba, ni damu yetu! Akaja akaniambia huku anacheka, "Wifi, usinune, Yudita ndiye atakuja kunipambia nyumbani. Hilo jenereta lako nani atalibeba kichwani mpaka Magu?"

Nikacheka naye. Moyoni nilikuwa nawaka moto.

Siku iliyofuata nikaenda soko la Mwaloni kununua dagaa. Sikuwa na shida ya dagaa. Nilikwenda kwa sababu mke wa Fundi Maganga, Mama Shija, ndipo alipokuwa anauzia.

"Shikamoo, Mama Shija."

"Marahaba, mwanangu. Leo wamekauka vizuri, chagua."

"Hivi, mama, Fundi ameuza gari?"

"Gari lipi? Si liko gereji."

"Aa! Basi macho yangu. Maana naliona Mabatini mlangoni kwa yule mjane wa Musoma. Asubuhi lipo, jioni lipo, na injini haizimwi. Hata Magu nasikia walikwenda nalo. Nikasema labda kalinunua."

Mama Shija akaacha kupima dagaa. "Mjane gani?"

"Si yule mwenye sauti nzuri."

Nikalipa, nikaondoka. Hakuna neno la uongo nililosema, hata moja! Niliacha tu kusema gari lilikuwa linafanya nini pale. Fundi alikuwa mwanamume wa zile aina zisizozungumza biashara zao nyumbani, na hilo nililijua. Na nyie mnajua gari la mume wa mtu likishinda mlangoni kwa mjane linasema nini.

Kesho yake Mama Shija alishuka Mabatini, kanga kaifunga kiunoni.

"Zima gari la mume wangu! Na wewe mwenyewe ujizime! Kwangu giza, kwako ndiyo kunawaka?"

Mtaa ulijaa. Yudita alitoka na chanuo mkononi, analia, anasema, "Mama, ni umeme tu, mama, ni umeme." Mimi nilikuwa barazani kwangu na kikombe cha chai. Chai ilikuwa tamu, sitawaficha.

Fundi aliitwa, akaja mbio. Hakugombana. Alifunua boneti, akamwonyesha mkewe mkanda, dainamo, na waya unaoingia ndani. Akamshika mkono akamwingiza saluni, akamwashia draya, akamwambia aguse. Mama Shija akagusa, akatulia. Lakini alipotoka alisema, "Mimi nimeona. Watu wengine hawatafunua boneti. Wataona gari la mume wangu kwa mjane. Litoke barabarani, na Magu hamwendi tena."

Ndivyo gari likahamishiwa uani, nyuma ya saluni. Ua wenyewe ulikuwa kichochoro, ukuta huku na ukuta huku. Wakaliingiza kwa kichwa, wakalifunika na turubai juu ili lisionekane na majirani. Ekzosi ikawa imetazama dirisha la nyuma la saluni.

Niliiona. Chooni kwangu kulikuwa nyuma, juu mlimani, na ukisimama pale unauona ua wake juu ya bati la saluni. Niliona turubai limekuwa jeusi upande mmoja. Dirisha nililijua liko wapi. Nikamkumbuka kuku wangu.

Jenereta watu wanalikimbiza nje wenyewe kwa sababu lina kelele na linanuka, kila mtu anajua ni kitu kibaya. Gari je? Gari ni heshima. Nani anaogopa gari? Fundi angeweza kuwaza, lakini Fundi siku hizo alikuwa anakwepa kukanyaga pale asije akasemwa tena. Aliyejua ni mimi. Ilikuwa ni kuvuka barabara tu, niseme, "Yudita, geuza gari hilo."

Nikasema moyoni: akiumwa kichwa kidogo, atalirudisha mwenyewe. Wateja nao wakiumwa kichwa, watarudi kwangu. Hivyo ndivyo nilivyowaza! Na kweli walianza kulalamika kwamba saluni ya Yudita inachosha. Nilifurahi. Na siku zikapita hivyo, mimi nimekaa na neno langu mdomoni.

Sasa sikilizeni Mungu alivyonirudi. Kwa kuwa Magu hawaendi tena, wifi yangu ikabidi aje yeye Mabatini kutengenezwa nywele, harusi ikiwa keshokutwa. Asubuhi hiyo umeme hakuna, mvua inanyesha ile ya ziwani, ya kulalia upande. Nilimwona Anastazia akikimbia chini ya mwavuli, akaingia kwa Yudita, wakafunga mlango kwa ajili ya mvua.

Nikakaa na wateja wangu. Jenereta linapiga kelele barazani. Mchana likaishiwa mafuta, likazima, na ndipo nikasikia kwamba ng'ambo injini inanguruma lakini hakuna anayeimba.

Yudita haachi kuimba akiwa na kichwa cha bibi harusi. Haachi!

Nilitupa taulo nikavuka mbio. Nagonga, kimya. Nikapiga mlango kwa stuli iliyoachwa barazani na muuza mahindi mpaka komeo likang'oka. Hewa ya mle ilikuwa nzito, ya joto. Yudita alikuwa sakafuni, shavu kwenye sakafu, chanuo mkononi. Wifi yangu alikuwa kwenye kiti, kichwa kimeanguka kifuani, draya bado inampulizia.

Nilimvuta wifi kwanza. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, nalisema hapa. Nilimvuta wifi mpaka kwenye mvua, nikampiga mashavu, nikalia, nikamwita, mpaka akakohoa. Ndipo nikamrudia Yudita. Wakati wote huo alikuwa bado anavuta ule moshi.

Hospitali Anastazia alitapika siku mbili, akapona. Harusi ikaahirishwa, baadaye ikafungwa. Yudita alizinduka pia, lakini si yule. Mikono ikawa inatetemeka hata kikombe hakikai. Anaanza sentensi, anaisahau katikati. Mtu aliyekuwa anasuka mistari myembamba kama uzi, akawa anafungwa vifungo vya gauni na mwanawe.

Mimi nikawa shujaa! Mtaa mzima: amevunja mlango, amewatoa wawili! Mama Shija alipiga magoti akanishukuru kwamba nimemwokoa mumewe na jela. Kanisani nikasimamishwa. Wateja wote wakarudi kwangu.

Mume wangu peke yake hakupiga makofi. Nyumbani aliniuliza, "Gari lilihamishiwa uani lini?" Nikamwambia. "Na wewe ulikuwa unaliona?" Nikainama. Hakunipiga, hakunifukuza. Ila tangu siku hiyo akiumwa hata kichwa haniambii, anaamka anakwenda kwa dada yake. Tunaishi hivyo. Watoto wanadhani baba yao ni mkimya tu.

Saluni niliifunga mwaka uliofuata. Mikono yangu nayo ilikuwa imeanza kuona haya.

Yudita walimrudisha kwa mama yake Musoma. Nilikaa muda mrefu nikikwepa, halafu nikapanda basi nikaenda. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka kivulini, amenenepa, nywele zimesokotana. Alinifurahia kama mtoto. Akaomba nimsuke. Nikakaa nyuma yake, kichwa chake mapajani mwangu, nikaanza kumchambua nywele, na machozi yananidondokea mikononi.

Nikajipa moyo. Nikasema, "Yudita, nisikilize. Ule moshi mimi nilikuwa naujua."

Nikasubiri anitukane, anipige, nilikuwa nataka anipige!

Akaupapasa mkono wangu kwa ule wake unaotetemeka. "Najua, dada," akasema. "Ungekuwa hujui, ungekuja kunitoa?"

Nikashindwa kumsahihisha. Nilimsuka, nikamkumbatia, nikapanda basi, na mpaka leo anamwambia kila anayefika pale kwamba mimi ni ndugu yake kuliko wa tumbo moja.

Wenzangu mnaofanya biashara zinazotazamana, wivu mtauona tu, hauna dawa. Lakini ukiona hatari inamwendea mwenzako na wewe ndiye unayeijua, vuka barabara ukamwambie, hata kama unamchukia. Kamwambie leo, akiwa bado anaweza kuelewa unachosema.