Bibo la Kurudisha Ujana

Mama Koku, mke wangu, alikuwa anakuja Newala kutoka Bukoba. Nilimtamani mno, hata kanga aliyoniachia ilishaisha harufu yake. Ila kioo kilinionyesha nimezeeka kwa kumsubiri. Mwalimu wa baiolojia mimi, nikakumbuka somo langu: antioksidanti za matunda hupunguza makali ya chembe huru zinazozeesha mwili. Nikaponda mabibo pamoja na korosho zake mbichi, na maganda yake, nikajipaka usoni.

"Mwalimu! Ganda la korosho linaunguza!" jirani yangu alipiga kelele, lakini nilishababuka.

Nikaenda stendi hivyohivyo, uso mweusi, umevimba. Mke wangu akashuka kwenye basi, akanisogelea, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee. Namtafuta mume wangu, Baba Koku."

"Marahaba," nikaitikia.