Jumapili Saa Nane Mchana

Enzi zetu pale Kisanga, pikipiki ilikuwa chombo cha padri au cha bwana shamba. Lakini sisi watatu tuliomaliza darasa la saba pamoja, mimi, Rajabu na Danieli wa Vidunda kule mlimani, tulikuwa na ya kwetu. Mjomba wake Danieli, fundi kwenye shamba la mkonge, alimwachia ikiwa mbovu. Tukaitengeneza wenyewe, tairi la nyuma tukalijaza majani makavu. Tukajiita Wana Vumbi, tukalamba chumvi kiganjani mwa Danieli naye akatuapisha: "Akikamatwa mmoja, tumekamatwa wote."

Siku za kazi tulipalilia pamba ya kijiji kama wengine. Jumapili kuanzia saa nane mchana serikali ilikuwa imekataza magari na pikipiki barabarani, kwa shida ya mafuta. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu. Tulipanda wote watatu, mshikaki kama msemavyo siku hizi, petroli tumeichanganya na mafuta ya taa, moshi unatutoa machozi, hadi twiga wa Mikumi wakasimama kututazama. Mama alikuwa akiniambia, "Mkiitwa wahuni, usije kulia kwangu." Nilicheka tu.

Jumapili moja, Danieli akiendesha, tuliteleza kwenye mchanga. Mimi na Rajabu tulitupwa pembeni, yeye mguu ukabanwa chini ya injini. Tukasikia Landrova ya polisi inakuja.

"Nivuteni," alisema Danieli.

Rajabu alinitazama. Tukakimbilia majanini, tukalala kifudifudi. Nilisikia kila neno.

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti alimwita mhujumu uchumi. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Mguu wake uliunga vibaya, na mtu wa Vidunda asiyeweza kupanda mlima hana shamba. Nilikwenda kwao mara moja tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Danieli hayupo."

Fimbo ya Danieli ya kutembelea ilikuwa imeegemezwa mlangoni. Nikaaga, nikashuka mlima. Nilipanda tena siku ya kumzika Danieli, nikasimama nyuma kabisa ya watu.

Siku hizi mimi na Rajabu tunakaa karibu na kijiwe cha bodaboda pale Mikumi, tukiwasema vijana: suruali zimeshuka makalioni, simu haitoki sikioni. Mwezi uliopita mwenzao mmoja aligongwa na lori. Kabla vumbi halijatulia walikuwa wameshafika kama ishirini, wakambeba, na wawili wakalala naye hospitali hadi asubuhi.

Rajabu aliwatazama walivyorudi na mashati yenye damu. Akatema mate pembeni.

"Hawa hawana undugu," akasema. "Enzi zetu, tulikuwa ndugu kweli."

Akasubiri nimuunge mkono.

"Kweli kabisa," nikamwambia.