Mzungu Aliyeimbiwa Kilungu

Kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu niliamini kwamba ule wimbo wa kanisa tunaouimba tukizika mtu mzima uliibwa kwetu, Kilungu, kutoka jikoni mwa nyanya yake mama. Aliyeuiba, kwa imani yangu, alikuwa mtunzi wa muziki wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa. Sikuamini hivyo kwa mbali. Niliamini kabisa, na mtu akibisha ningeweza kumnyima salamu wiki nzima.

Habari hizo nilizipata kwa mjomba, ndugu mdogo wa mama. Kwa maelezo yake, mtunzi huyo alipanda kutoka pwani pamoja na msafara wa Wakamba waliokuwa wamepeleka pembe na sasa wanarudi na shanga na nguo. Walipofika chini ya vilima vyetu akashikwa na homa, wakambeba hadi kwa nyanya yake mama. Alilala siku nne hajafungua jicho. Siku ya tano nyanya akawa anasaga mtama huku anaimba, na mzungu akaketi wima, akaomba kipande cha mkaa, akaanza kuandika wimbo kwenye mkono wa shati. Mkono ukajaa, akahamia mkono wa pili. Shati hilo halikuguswa na maji mpaka Ulaya.

"Ndiyo maana wimbo una beti nne," mjomba alisema. "Mkono, mkono, tumbo, mgongo."

"Mgongoni alijiandikiaje?"

"Si alivua shati? Unafikiri mzungu ni mjinga?"

Nikaona jibu limetosha.

Mama hakuwahi kuisimulia hadithi hiyo. Alikuwa mwimbaji wa alto, na nikisema alto yake ilisikika ng'ambo ya pili ya bonde, hadi kwa watu wa dhehebu lingine wakasimamisha maombi yao, nimepunguza. Lakini sauti ninayoikumbuka si ile ya kanisani. Ni ile ya uwanjani, akipepeta ndengu, mdomo umefungwa, wimbo ule ukimtoka puani taratibu, ungo ukipanda na kushuka pamoja nao. Nikimuuliza kuhusu mzungu na shati, alikuwa anasema, "Huo ni wimbo wa kanisa. Shika ungo huu mwingine." Mimi nikadhani ni unyenyekevu.

Shule niliiacha darasa la tatu, mwaka wa kiangazi kile ambacho mbuzi walikula hadi kamba walizofungiwa. Nikakua, nikateremka Emali, nikawa fundi wa tairi kando ya barabara ya Mombasa. Mpaka leo lori likipita naweza kukwambia, nimefumba macho, ni gurudumu lipi litakalomlaza dereva njiani. Herufi ndizo zilizonishinda. Niliweza kusoma nambari za tairi tu, na jina langu likiandikwa kwa herufi kubwa na mtu asiye na haraka.

Kisha mama akafa.

Tulipoenda kuandikisha kifo chake, karani akaomba kitambulisho. Nikampa. Akakiweka kwenye bahasha pamoja na karatasi nyingine, akagonga muhuri, akasema tumemaliza. Nilikuwa nimefika barabarani ndipo nikatambua kwamba ile ya kitambulisho ndiyo iliyokuwa picha ya pekee ya mama. Nikarudi. Karani akanieleza, kwa upole, kwamba kitambulisho cha marehemu ni mali ya serikali. Sauti ya mama nayo haikuwa popote. Kwaya yao ilirekodi kanda mara moja tu, na siku hiyo mama alikuwa Kitui kwenye matanga. Nimeisikiliza kanda hiyo mara nyingi kuliko watu wote wa Makueni wakijumlishwa, nikitafuta pengo mahali ambapo angekuwa.

Basi nikaanza kufikiria habari ya mzungu kwa njia nyingine. Watu wakubwa wa karne ile huandikiwa maisha yao, hilo nililijua. Kama mtunzi huyo alifika Kilungu, lazima kuna kitabu kinachosema alifika Kilungu, na kama kitabu kina haki, kitamtaja mwanamke aliyemwimbia. Jina la mwanamke huyo ndilo jina la mama. Mama alipewa jina la nyanya yake, kama desturi yetu ilivyo. Kwa hiyo nikilipata la mmoja nimelipata la wote wawili. Nilitaka nimkute mama kwenye karatasi, mahali ambapo karani hawezi kumtia kwenye bahasha. Hicho ndicho kilichonipeleka ngumbaru. Watu waliniuliza kama ninataka kuwa diwani, na niliwaachia wafikiri hivyo.

Darasa lilikuwa shule ya msingi, jioni, watoto wakishaondoka. Madawati yalikuwa ya darasa la pili. Nikiketi, magoti yalinifika masikioni, na nilijifunza irabu zote tano nikizisikia kupitia magoti. Mwalimu wetu alikuwa binti wa umri wa kitindamimba wangu, mwenye subira ambayo ingetosha kufuga nyuki bila moshi. Alituita wazee wake, kisha akatuchapia makosa kwa kalamu nyekundu bila huruma.

Tulipomaliza vitabu vya kuku na paka, akatoa stoo kitabu kisicho na jalada, kilichofasiriwa Kiswahili zamani: maisha ya watunzi, waandishi na viongozi wa karne ya kumi na tisa. Kila mmoja alisoma aya moja kwa sauti, wengine wakisubiri. Kulikuwa na waziri aliyejizoeza hotuba zake mbele ya farasi. Kulikuwa na mtunzi aliyesafiri na kitanda chake mwenyewe kila mji. Kulikuwa na mwandishi aliyeandika akiwa amesimama miaka thelathini, riwaya juu ya riwaya, bila kupumzika.

Nyuma yangu aliketi mama mmoja anayeuza ndengu na mbaazi sokoni Emali. Aliinua mkono.

"Mwalimu, huyu wa kusimama, nani alimpikia?"

"Kitabu hakisemi, mama."

"Alikuwa na watoto?"

"Saba."

"Na yeye amesimama tu anaandika. Basi kitabu hakijamaliza."

Nilicheka hadi dawati likasogea. Lakini usiku huo maneno yake hayakunitoka. Vitabu kama kile vilijua rangi ya farasi wa waziri, na havikujua nani alimpikia mwandishi. Je, vingejua nani alimwimbia mgonjwa?

Jina la mtunzi wangu lilikuwepo. Katika kitabu chetu cha nyimbo, chini ya kila wimbo kuna jina dogo kama mchwa, na nilikuwa nimejifunza umbo lake kwa macho hata kabla sijajua kulisoma. Siku mwalimu alipotusomea orodha ya yaliyomo nikaliona, nikasimama, na dawati likasimama na mimi.

"Mzee, kuna nini?"

"Nimempata mwizi wetu, mwalimu."

Kurasa zake zilikuwa nne. Nilizisoma kwa wiki tatu, kidole chini ya kila neno. Alikuwa mwana wa mtengeneza matandiko ya farasi. Alipiga kinanda katika kanisa la mji mdogo. Sikio moja halikusikia vizuri, kwa hiyo aliinamisha kichwa kama kuku anayetazama mwewe. Wimbo wetu ulitajwa, kwamba aliutunga akiwa mtu mzima, na kwamba kwake ulikuwa kitu kidogo. Kitu kidogo. Nilikasirika hadi nikafunga kitabu.

Katikati karatasi moja ilikuwa imechanika ikapotea. Kabla ya mchaniko ana miaka thelathini, na maneno ya mwisho chini ya ukurasa ni haya: akaanza safari ndefu ya. Baada ya mchaniko ana ndevu nyeupe.

Nikampelekea mwalimu, na mbele ya darasa nikamweleza habari ya mzungu na ya mama.

"Soma hapa. Akaanza safari ndefu ya. Ya wapi? Mimi nakwambia ya Kilungu."

Akasoma, akageuza, akageuza tena. "Yaweza kuwa safari ya treni, mzee."

"Kurasa mbili nzima za treni?"

"Au safari ndefu ya ndoa. Waandishi hupenda kusema hivyo."

Mama wa ndengu akaingilia. "Wewe unauliza karatasi iliyokatika, na walioimba na mama yako bado wako hai. Nenda uwaulize kabla hawajaisha."

Aliyebaki alikuwa mmoja, binamu yake mama. Walikua pamoja Kilungu, wakaingia kwaya pamoja, kisha akaolewa Kitui. Kwangu yeye ni mama mdogo. Jumamosi moja nikafunga kibanda cha tairi, nikamwomba mwalimu kitabu, nikapitia Wote na Machakos hadi kwake, kitabu kimefungwa kwa leso kama yai.

Nilimkuta barazani akiambua mbaazi, redio ikimsomea matangazo ya vifo. Aliponiona aliizima.

"Umekonda au ni shati kubwa?"

"Ni masomo, mama mdogo. Yananila."

"Nilisikia. Waliniambia umerudi shule, nikasema huyo ameenda kutafuta mke."

Akanisukumia ungo. Nikaambua naye kidogo, kisha nikafungua leso, nikamsomea kurasa zote nne. Nilisoma polepole, nikisimama kwenye nukta kama tulivyofundishwa. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye mchaniko nikamwonyesha karatasi ilivyokatika, nikamweleza kuhusu safari ndefu, msafara, homa, na shati lenye beti nne. Nilipomaliza aliangalia mikono yangu iliyoshika kitabu.

"Unasoma vizuri," akasema. "Huna haraka."

"Asante. Sasa niambie. Alifika?"

"Huyu wa kitabu mimi simjui. Mzungu aliyeimbiwa namjua."

Nikakiweka kitabu magotini.

"Alikuja na gari la misheni kutengeneza kinanda cha kukanyaga, panya walikuwa wamekula ngozi yake ya ndani. Tulikuwa wasichana. Akakaa siku mbili. Alikuwa na jino moja la dhahabu, na alipenda kula muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, kupita kiasi."

"Na nyanya alikuwepo?"

"Nyanya yetu alikuwa amekufa kabla hata sijazaliwa. Na hakuwa mtu wa kanisa, alikuwa mtu wa ngoma. Wimbo huo hakuusikia."

"Lakini watu wote husema yeye ndiye alimwimbia. Wanamtaja kwa jina."

"Jina hilo lilikuwa la nani mwingine?"

Nikaanza kukifunga kitabu tena kwa leso.

"Babu yako alimwita binti yake nani?" akauliza.

Nilijua jibu. Kila mtu Kilungu alilijua. Babu hakuwahi kumwita mama kwa jina, kwa sababu lilikuwa jina la mama yake mzazi. Alimwita mwaitu, yaani mama yetu. Hata akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, mzee yule alimsalimu kwa heshima na kumuuliza kama amelala salama.

"Mwaitu," nikasema.

"Basi. Jioni ile babu yako alizunguka kila boma akisema, mwaitu amemwimbia mzungu, mwaitu amemwimbia mzungu. Walioelewa wakaelewa. Waliokuwa mbali wakafikiri anasema mama yake mzazi. Mjomba wako alikuwa hajazaliwa. Alipokuja kuipata hadithi hiyo akaitia pembe na msafara."

"Na mama mwenyewe? Mbona hakuniambia?"

"Alikuwa anasikia aibu. Siku ile alikuwa amevaa nguo yangu, yake ilikuwa imechanika. Ulitaka asimulie hiyo?"

Kuku mmoja alipanda barazani kuangalia mbaazi, akamfukuza kwa mguu bila kumtazama. Nilikuwa na swali moja tu lililobaki, na nililizungusha mdomoni kwanza, maana nilijua nikilitoa halitarudi.

"Lakini wimbo, mama mdogo. Wimbo ulikuwa wetu?"

Akachukua ganda la mbaazi, akalipasua kwa kidole gumba, akamwaga punje kwenye ungo.

"Hapana, mwanangu. Hakuna mtu aliyetuibia kitu. Mzungu ndiye alikuja nao, ulikuwa kwenye kitabu chake. Kinanda kilipopona akaupiga mara moja kukijaribu, na mama yako alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Akauimba wote, bila maneno, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mzungu akamwambia aimbe tena. Alikuwa na miaka kumi na miwili."