Disiki ya Pili

Albamu ile ya rege ilikuwa na disiki mbili. Télesphore na Bulonza waliichangia ujanani, kisha wakagawana: ya kwanza ikakaa kwa Télesphore, mtaani Kadutu, ya pili kwa Bulonza, mtaani Nyawera. Kila Jumapili baada ya misa waliisikiliza ya kwanza, wakavaa viatu, wakashuka Nyawera kusikiliza ya pili. Miaka thelathini, mvua inyeshe isinyeshe.

Matanga ya Bulonza yalipokwisha, binti yake Mapendo alimkabidhi Télesphore disiki ya marehemu.

“Kamata, tonton. Sasa zote mbili iko kwako.”

Jumapili iliyofuata Télesphore aliiweka ya kwanza, akaisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa viatu, akafunga kamba. Alikuwa ameshafika mlangoni alipokumbuka kwamba ya pili iko mezani.