Safari ya Kuitafuta Kasoro ya Chai ya Joeli

Niliondoka kwangu Bomet kwa sababu ya wivu. Sina sababu nyingine ya kuwapa. Tangu mbolea ipande bei nanunua nusu tu, na chai yangu imegeuka manjano. Lakini kila jioni mke wangu Rebeka husema kwamba chai ya kaka yake Joeli, kule Kabianga, haijabadilika. Nikataka kujionea, na moyoni nikitumaini ni uongo.

Alfajiri jirani alinipakia kwenye pikapu yake ya kabichi. Kutoka Sotik hadi Litein nilitazama mashamba ya watu. Mengi yalikuwa manjano kama langu, nikafurahi. Mahali pengine chai ilikuwa imeng'olewa na mikaratusi kupandwa. Hata mimi nilikuwa nikifikiria kung'oa yangu.

Kabianga, mchana. Joeli alinimiminia mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni.

"Shemeji, umekonda! Dada yangu hakupikii?"

"Ananipikia sifa zako."

Chai yake ilikuwa kijani hadi barabarani. Nikajiambia hiyo ya mbele ni ya kuonyesha wageni. Nikaaga kana kwamba naenda haja, nikateremka hadi karibu na mto. Huko nako kijani! Nilikuwa nimeinama nikigeuza jani nikitafuta doa, sauti ikatoka juu.

"Shemeji, choo iko nyuma ya jikoni! Huko ni chai tu!"

Wachumaji wakacheka mpaka wakashikilia vikapu. Joeli akashuka.

"Mbolea unatoa wapi?" nikamuuliza.

"Duka kama yako. Na mimi nimepunguza, bei imenishinda."

"Sasa?"

Akasukuma kwa buti matawi yaliyopogolewa, yaliyolala katikati ya mistari yakioza. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, wenye unyevu.

"Hii haitoki hapa. Yako unapeleka wapi?"

Tangu gesi nayo ipande bei, kila nilipopogoa tulibeba matawi yote nyumbani kuwa kuni, nami nikajiona hodari wa kubana matumizi. Nililinyima shamba mbolea ya dukani, kisha nikaliibia na ile ya bure.

Kesho yake, njia nzima ya kurudi, nilitamani angalau awe na kasoro mahali pengine. Hata meno anayo yote.

Nilipofika, Rebeka alikuwa akichochea moto. Nikalibeba fungu la matawi kutoka ukutani.

"Baba Chebet, unapeleka wapi kuni zangu?"

"Shambani. Chai inakula hizi. Kesho nitakukatia mkaratusi."

"Nani amekuambia?"

"Nimefikiria tu njiani."

Akanitazama. "Si ndivyo Joeli alikuambia siku ya harusi ya Chebet? Ukasema anajifanya mwalimu."

Ni kweli, alisema. Nilimsikia vizuri siku ile, lakini alikuwa amevaa koti jipya. Chai yangu imekaa na njaa miaka yote hiyo kwa ajili ya koti.

Nikaongeza fungu la pili begani, nikashuka shambani.